Maneno ya Bima na Matunzo ya Wenye Virusi: Yafaa Kila Nyumba Iyaelewe

Wahenga walisema kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Msemo huu unawahusu sana watu wanaosimama mbele ya dirisha la hospitali wakiwa na karatasi mkononi, wasijue karatasi hiyo inawadai nini wala inawapa nini. Hapa Bwiza, Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya barazani na ya nyumbani kwa familia nyingi. Lakini karatasi za matibabu huandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe si kile cha shuleni, bali ni Kifaransa cha maofisa wa bima na cha waganga. Matokeo yake ni kwamba mama mwenye haki ya kutibiwa hurudi nyumbani bila dawa, na baba mwenye kadi halali hukopa fedha za kulipia kitu ambacho tayari amekwisha kukilipia kwa makato ya mshahara wake.

Hasara huwa kubwa zaidi pale ugonjwa wenyewe unapokuwa ule ambao watu huona haya kuuliza habari zake. Mwenye malaria huuliza kwa sauti, tena humwuliza hata jirani. Mwenye virusi vya UKIMWI hunyamaza, na kimya hicho humfanya akose dawa, akose kipimo, na pengine akose uhai. Kwa hiyo, ndugu msomaji, makala hii inakusudia kuyafafanua maneno hayo moja baada ya jingine, ili askari, polisi na watu wa nyumbani mwao wayaelewe kabla siku ya haja haijafika.

Bima ni nini, na "mutuelle" ni nini?

Neno bima tumelipokea kutoka lugha za Mashariki, pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Maana yake ni mapatano ya kulipa kidogo kidogo wakati wa uzima, ili gharama kubwa ya siku ya shida ibebwe na wengi. Wale wanaocheza upatu, ambao hapa Bujumbura huitwa pia ikirimba, wanayajua mapatano ya namna hii. Tofauti ni kwamba katika upatu kila mtu huchukua fungu lake kwa zamu, ugonjwa uwepo usiwepo. Katika bima, anayechukua ni yule aliyefikwa na jambo. Asiyeugua mwaka mzima hajapoteza fedha zake, maana zimemtibu mwenzake, na kesho za mwenzake zitamtibu yeye.

Neno "mutuelle" maana yake ni chama cha kusaidiana. Nchini Burundi, chama kinachowahusu watumishi wa serikali ni "Mutuelle de la Fonction Publique", ambacho kwa ufupi huandikwa MFP. Kilianzishwa mwaka 1980, na wanajeshi na polisi wamo ndani yake pamoja na walimu, waganga na makarani. Sehemu ya mchango hukatwa katika mshahara wa mtumishi, na sehemu nyingine hulipwa na serikali iliyomwajiri. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba anatibiwa bure au kwa hisani. Anatibiwa kwa haki yake aliyoilipia.

Maneno ya dirishani

Neno la kwanza ni "affilié". Huyu ni mwanachama mwenyewe, yaani mtumishi ambaye mshahara wake unakatwa. Neno la pili ni "ayant droit", na tafsiri yake ni mwenye haki kwa kupitia mwanachama. Nchini Tanzania watu wa bima humwita mtegemezi. Kwa kawaida huyu ni mke au mume wa ndoa na watoto walioandikishwa. Hapa ndipo penye mashaka mengi. Mwanamke anayeishi na askari kwa miaka kumi bila ndoa ya serikali anaweza kuwa mke mbele ya majirani na mbele ya Mungu, lakini karani wa bima anataka cheti cha ndoa kutoka komuni. Mtoto naye hutambuliwa kwa cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwaagiza wote waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa ya kisheria waihalalishe kabla ya mwisho wa mwaka huo. Wengi waliliona agizo lile kama usumbufu. Hata hivyo, kwa upande wa matibabu, cheti cha ndoa ni mlango: aliye nacho huingia, na asiye nacho hubaki nje akiwa na mgonjwa mgongoni.

Neno la tatu ni "cotisation", yaani mchango. Neno la nne ni "prise en charge", maana yake kugharimiwa. Ukiona karatasi imeandikwa hivyo, ujue inaeleza ni nani atakayebeba gharama, na ni gharama zipi.

Neno la tano ndilo linalozua ugomvi mwingi: "ticket modérateur". Wengi hudhani ni tikiti kama ya basi. Sivyo. Ni ile sehemu ya gharama ambayo mgonjwa huitoa mfukoni mwake mwenyewe baada ya bima kulipa sehemu yake. Mgawanyo uliozoeleka katika bima ya watumishi ni kwamba chama hulipa asilimia 80 na mgonjwa asilimia 20. Tufanye hesabu ndogo, kama tulivyofundishwa darasani. Tuseme matibabu yamegharimu faranga 20,000. Bima italipa faranga 16,000, na mgonjwa faranga 4,000. Zile 4,000 ndizo "ticket modérateur". Karani anapoziomba, haombi hongo; lakini akiomba zaidi ya hapo, mgonjwa ana haki ya kuuliza sababu na kudai stakabadhi.

Sababu ya kudaiwa zaidi inaweza kuwa ya haki. Dawa zina aina mbili za majina. Kuna dawa inayouzwa kwa jina la asili la kitu kinachoponya, nayo huitwa "générique"; na kuna dawa ile ile inayouzwa kwa jina la kampuni, nayo huitwa "spécialité". Ya pili huwa ghali, na bima nyingi hazipendi kuilipia kwa kiwango kile kile. Basi mwombe mganga, kwa adabu, akuandikie ya kwanza pale inapofaa. Nguvu ya dawa haikai katika rangi ya boksi.

Neno la sita ni "tiers payant", kwa maneno ya kawaida malipo ya mtu wa tatu. Wewe na mganga ni watu wawili. Bima ni wa tatu. Mahali penye utaratibu huu, unalipa sehemu yako tu, na hospitali inaidai bima iliyobaki. Mahali pasipokuwa na utaratibu huu, unalipa zote kwanza, halafu unapeleka stakabadhi ili urudishiwe fedha, na huko kurudishiwa huitwa "remboursement". Kwa mwenye mshahara mdogo tofauti hii ni kubwa mno. Kwa hiyo, kabla ya kumpeleka mgonjwa, uliza swali hili: Je, hospitali hii au duka hili la dawa lina mkataba na bima yetu? Neno la Kifaransa la kutafuta mlangoni ni "conventionné" au "agréé".

Ndugu wasiokuwamo katika kadi

Askari mmoja huweza kulisha watu kumi, lakini kadi yake haiwabebi wote kumi. Mama mzazi aliyekuja kutoka mlimani, dada aliyefiwa na mumewe, mpwa anayesoma mjini, wote hao hawahesabiwi kuwa "ayants droit" kwa sababu tu wanalala chini ya paa moja. Kwa ajili ya watu wasio na mshahara, serikali ilianzisha mwaka 1984 kadi iitwayo "Carte d'Assistance Médicale", au CAM. Mwaka 2012 kadi hiyo ilifufuliwa kwa bei ya faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka, nayo ililenga kubeba asilimia 80 ya gharama katika vituo vya serikali. Mwenye ndugu wa namna hiyo nyumbani aende ofisi ya zoni au komuni aulize utaratibu na bei ya sasa, asingoje mpaka mzee azidiwe usiku.

Aidha ikumbukwe kwamba tangu Mei 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, pamoja na huduma za kujifungua, yalitangazwa kuwa bure katika vituo vya afya vya serikali. Neno la kuonyesha hapo ni "gratuité". Mama asidaiwe kadi ya mumewe kwa jambo ambalo serikali imeligharimia kwa njia nyingine.

Maneno ya virusi

Sasa tuje kwenye maneno ambayo watu huyasema kwa kunong'ona. UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ndio ule ule unaoitwa SIDA kwa Kifaransa. Virusi vyenyewe kwa Kiswahili ni VVU, na kwa Kifaransa ni VIH. Haya ni mambo mawili. Mtu aweza kuwa na virusi miaka mingi bila kuwa na UKIMWI, na akitumia dawa vizuri anaweza kuzeeka bila kuufikia. Kumwita kila mwenye virusi "mgonjwa wa SIDA" ni kukosea maana, tena ni kumvunja moyo.

"Dépistage" ni upimaji. "Séropositif" ni mtu ambaye damu yake imeonyesha alama za virusi; "séronégatif" ni ambaye haikuonyesha. Lakini mwili huchukua muda kuonyesha alama hizo. Aliyejiweka katika hatari juzi akapimwa leo, huenda akaonekana mzima ilhali sivyo. Itampasa arudie kipimo baada ya muda atakaoelezwa, ambao waweza kufika miezi mitatu.

ARV ni dawa za kupunguza makali ya virusi. Haziviondoi vyote mwilini, bali huvizuia visizaliane. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila aliyeonekana na virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja kinga yake ishuke. Wale wanaosema "ngoja kwanza nidhoofike ndipo nianze" wanafuata ushauri wa zamani.

CD4 ni hesabu ya askari wa mwili. Wasomaji wetu wataielewa mapema: ni kama kuhesabu gwaride asubuhi ujue wamebaki wangapi. Hesabu ikishuka chini ya 200, mwili uko wazi kwa maadui wengi. Maadui hao huitwa "infections opportunistes", yaani maradhi nyemelezi, na kifua kikuu ndicho kikubwa chao. "Charge virale" nayo ni hesabu ya adui mwenyewe, yaani wingi wa virusi katika damu. CD4 tunataka ipande; "charge virale" tunataka ishuke. Yeyote anayechanganya maneno haya mawili anaweza kufurahia habari mbaya na kuhuzunikia habari njema.

Neno jema kuliko yote katika karatasi hizo ni "indétectable". Maana yake ni kwamba virusi vimepungua hata kipimo hakivioni. Havijaisha, na dawa haziachwi. Lakini Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba mtu aliyefikia hali hiyo, akaendelea na dawa zake, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mume na mke wakilielewa neno hili moja, ndoa nyingi zitapona, na nyumba nyingi zitarudisha mazungumzo yaliyokatika.

PTME ni herufi za Kifaransa za kuzuia mama asimwambukize mtoto. Bila msaada wowote, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi, huambukizwa 15 hadi 45, wakati wa mimba, wa kuzaliwa au wa kunyonya. Mama akipata dawa na uangalizi, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Mtoto hupimwa mapema, yapata wiki sita baada ya kuzaliwa. Baba anayemkataza mkewe kupimwa kliniki kwa ajili ya aibu anamnyima mwanawe bahati hiyo.

Polisi na wanajeshi wana neno lao la pekee: dawa za kinga baada ya hatari. Askari aliyechomwa na sindano yenye damu, au mwanamke aliyenajisiwa, anapaswa kuanza dawa hizo mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha azinywe kwa siku 28. Afisa wa polisi anayepokea mashtaka ya kunajisi akumbuke kwamba saa zinahesabika. Maelezo yanaweza kuandikwa baadaye. Mwathirika afikishwe kwanza kwa waganga. Mjini Bujumbura, Kituo cha Seruka kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwatunza waathirika wa namna hiyo.

Kipi ni bure, na kipi ni cha bima?

Hapa ndipo mito miwili inapokutana. Dawa za ARV nchini Burundi hutolewa bila malipo, mgonjwa awe na bima au asiwe nayo. Fedha zake zimetoka kwa serikali na kwa wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia ulioanzishwa mwaka 2002. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukuuzia ARV barabarani, wala usimpe mtu fedha ili akupatie. Lakini mwenye virusi naye huugua tumbo, huvunjika mguu, huhitaji miwani na hupigwa picha ya kifua kama watu wengine. Mambo hayo ndiyo ya bima, na huko "ticket modérateur" hulipwa kama kawaida. Basi anayesikia kwamba "matibabu ya SIDA ni bure" aulize: ni dawa, au ni vipimo, au ni kitanda? Swali hilo huondoa ugomvi wa dirishani.

Wapo pia watu wa kumshika mkono mgonjwa. "Médiateur de santé" ni mpatanishi wa afya. Mara nyingi ni mtu anayeishi na virusi mwenyewe, aliyefundishwa kuwaongoza wenzake. Chama cha ANSS, kilichoanzishwa mwaka 1993, kilifungua njia hiyo nchini. Mwanzilishi wake, Mama Jeanne Gapiya-Niyonzima, alikuwa Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba ana virusi, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa sawa na kujitenga na watu. Kituo cha chama hicho kinaitwa Turiho, neno la Kirundi lenye maana ya "tupo". Si jina la kulia, ni jina la kuitikia.

Siri na uhamisho

Hofu kubwa ya askari si sindano. Ni kwamba karatasi itapita mezani kwa mkubwa wake. Ieleweke kwamba hali ya virusi ni siri kati ya mgonjwa na mganga. Tena Burundi ina sheria ya tarehe 12 Mei 2005 inayowalinda watu wenye virusi wasibaguliwe. Mwenye wasiwasi aulize dirishani mapema: karatasi hii itaonyesha nini, na nani ataisoma? Kuuliza hivyo si ukaidi.

Jambo jingine ni uhamisho. Askari leo yuko Bujumbura, mwezi ujao yuko Cankuzo au Makamba. Mgonjwa asiyeonekana kituoni huandikwa "perdu de vue", maana yake aliyepotea machoni. Huenda hakupotea, amehamishwa kikazi. Lakini dawa zikikatika, virusi hupata nafasi, na vinaweza kujifunza kuzishinda dawa hizo. Dawa ya tatizo hili ni karatasi moja iitwayo "transfert". Kabla ya kufunga mzigo, mtumishi aende kituoni achukue karatasi hiyo pamoja na dawa za kumtosha njiani. Vituo vingi siku hizi humpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja. Neno "observance", yaani kunywa dawa kila siku kwa saa yake, halina likizo wala safari ya kazi.

Kuijua njia hii kumezidi kuwa lazima. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika zikatikiswa. Wakati wa mtikisiko kama ule, mgonjwa ajuaye majina ya dawa zake, tarehe ya kipimo chake cha mwisho na haki za kadi yake hasumbuki kama yule anayejua tu kwamba "hunywa vidonge vyeupe".

La kufanya wiki hii

Mama na baba wakae pamoja jioni moja. Watoe kadi ya bima, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, waone kama kila mtoto ameandikishwa na kama kadi bado ni halali. Pakiwa na kijana aliye karibu na umri wa kuondolewa, waulize mapema kama cheti cha shule kitamwongezea muda. Waandike katika daftari majina ya hospitali na maduka ya dawa yenye mkataba. Mwenye dawa za kila siku aandike jina lake kamili la dawa, si rangi. Vyote viwekwe mahali ambapo anayebaki nyumbani atavipata hata mwenye kadi akiwa lindoni au safarini.

Kisha waulizane swali ambalo nyumba nyingi hulikwepa: Je, sisi tumepima lini? Kama hakuna anayekumbuka jibu, basi waende wote wawili, siku moja.